Jemadari wa Stoo ya Sponji

Machi 2

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na baada ya mashauriano marefu na nafsi yangu, natangaza rasmi kwa wakazi wote wa nyumba hii kwamba kuanzia leo sufuria kubwa itaoshwa kwa zamu. Ratiba imebandikwa juu ya sinki. Jumatatu mimi, Jumanne Mkubwa, Jumatano Mdogo, Alhamisi tunarudia, Jumapili sufuria inapumzika, na kila wiki hivyohivyo, mpaka dunia iishe au sufuria itoboke. Mama yao hayumo kwenye ratiba kwa sababu anaondoka kwenda kazini, stoo ya dawa hospitalini, sisi bado tunakoroma, na anarudi miguu imevimba.

Mdogo, ambaye ana miaka kumi, aliipigia ratiba saluti. Mkubwa, miaka kumi na saba, aliisoma taratibu kama hakimu anayesoma rufaa ya mwizi wa kuku.

"Sawa, Baba," akasema, akaenda zake.

Mvua imeanza.

Machi 3

Jumanne, zamu ya Mkubwa. Sufuria nimeosha mimi.

Machi 7

Mvua ikinifungia ndani huwa naanza kuiangalia nyumba yangu kama mtu aliyekuja kuipanga. Chumba cha mbele, ambacho wenzetu hukiita sebule, ni karakana. Mimi ni fundi wa makochi. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliisoma kwa kubomoa viti vya watu huku nikiomba Mungu virudi kama vilivyokuwa. Wateja hukaa juu ya kazi yangu ya jana wakilalamikia kazi yangu ya leo. Nyuma kuna vyumba vya kulala, jiko, na stoo ya sponji. Paa lote ni bati. Mvua ikinyesha sawasawa huisikii hata bunduki ya kupigilia pini uliyoishika mwenyewe. Penye ukimya ni pale stoo tu, kwa sababu sponji zimepangwa ukutani mpaka darini. Ukiingia na kufunga mlango, pumzi yako unaisikia kama ya mtu mwingine.

Mkubwa ameniomba ufunguo wa stoo. Anasema anataka mahali pa kusomea. Nimempa haraka haraka kabla hajabadili mawazo.

Machi 12

Pini amepata mwalimu. Pini ni kijana ninayefanya naye kazi. Tunamwita hivyo kwa sababu hushinda na pini za kochi mdomoni, na ndiyo maana ni msikivu. Mwalimu wake anaishi kwenye simu. Anajiita Jemadari, hana uso, ana picha ya simba aliyevaa miwani ya jua, na sauti nzito inayotoka kama kutoka chini ya kisima. Anafundisha uanaume.

Leo alikuwepo pia Afande, polisi mstaafu, amekuja kuniagiza nimfumulie kiti chake cha zamani na kukijenga upya, kirefu mgongoni na miguuni, kipana mikononi, "kiti ambacho mtu akiingia anajua nani baba wa nyumba." Wakasikiliza wote wawili. Jemadari akasema mwanaume haombi msamaha. Mwanaume hajielezi. Mwanaume hashiki ufagio.

"Huyo kijana ana akili," akasema Afande. "Wanaume wamekwisha, fundi. Wamebaki wavaa suruali."

Nilikuwa nafagia vipande vya kitambaa. Niliendelea kufagia, ila kwa ukali zaidi.

Machi 13

Mvua. Sufuria: mimi.

Machi 18

Leo nimepata habari zangu kutoka kwenye simu ya mtu mwingine.

Pini alikuwa anamsikiliza Jemadari huku akivuta kitambaa. Mada ilikuwa "Mwanaume Aliyepotea". Jemadari akasema anamfahamu mmoja, mtu mzima na heshima zake, mkewe anatoka kwenda kazini na yeye anabaki kupika. "Ndugu zangu, mwanaume huyu ana aproni. Ya maua. Maua mekundu yenye majani. Ameishona mwenyewe kwa mabaki ya pazia la mteja. Mkewe akirudi, anamuuliza: mama, chumvi imekolea?"

Pini alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kisha akanitazama. Akaitazama aproni yangu. Maua mekundu, majani.

"Bosi," akasema polepole, "kumbe mnazo wengi."

"Lile pazia lilitoka jora zima," nikamjibu, "mabaki yalienda kwa wengi."

Kwa mbali, nyuma ya ile sauti, nilisikia mvua. Si mvua ya kwenye bati. Mvua iliyofungiwa nje, kama mtu anayegonga mlango akiwa na glavu. Kuna chumba kimoja tu ninachokijua ambacho mvua inasikika vile, na ufunguo wake niliutoa mimi.

Machi 19

Sijamwambia mama yao. Nitaanzaje? Mwanao ana wafuasi wengi kuliko watu wote waliowahi kukaa kwenye makochi yangu, na somo lake ni mumeo.

Nitakayoyaandika hapa hayatoki nje ya daftari: anaongea vizuri. Anapanga maneno, anajua pa kutua, anajua pa kupandia. Mimi baba yake nilikaa naye mezani jana nikapata "sawa", "hapana", na "nimeshiba".

Chumvi ilikuwa imekolea, kwa taarifa.

Machi 25

Nimefungua akaunti. Najiita Chuma. Picha nimeweka nyundo. Nimemwandikia Jemadari kwamba mimi ni kijana mwenzake nafanya kazi ya mikono na mafundisho yake yamenisimamisha wima. Nilikuwa nimekaa karakanani, yeye yuko stoo, kati yetu ukuta mmoja na sponji.

Akajibu palepale: "Karibu sana kaka Chuma. Wanaume wa kazi ndio tunawahitaji."

Nilifurahi. Ni jambo la aibu lakini nilifurahi. Ni muda mrefu sijakaribishwa na mtoto huyu mahali popote.

Aprili 1

Mvua haikati. Njia ya mbele imekuwa mto mdogo wenye kandambili za watu. Kitambaa cha Afande hakijafika. Tunashinda humu ndani sote, tukipishana mlangoni kama abiria wasiojuana: mimi, Pini, Mdogo akirudi shule, Mkubwa akirudi shule na kwenda moja kwa moja stoo.

Chuma na Jemadari wanaongea kila siku. Chuma ana maisha mazuri kuliko mimi.

Aprili 6

Leo Jemadari amemwambia Chuma kitu. Nakinakili kwa sababu nataka nikumbuke kwamba sikukijua.

"Kaka, hii sauti si yangu. Kuna programu inainenepesha. Sauti yangu ni nyembamba. Darasani wananiita Filimbi. Nikisimama kujibu swali darasa zima linapuliza. Hata mwalimu wa hesabu siku hizi anapuliza kidogo. Usimwambie mtu."

Nilitoka nje, nikasimama chini ya mchirizi wa bati mpaka Pini akaniuliza kama kuna kilichoanguka.

Chuma alipaswa kumjibu kitu cha maana. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikaandika: "Jikaze kisabuni, kaka." Mwanaume mwenye nyundo angeandika nini kingine? Kama ningeandika ninachohisi angejua mara moja kwamba anaongea na aproni.

Aprili 7

Nimejaribu kwa mlango wa mbele. Nimemuuliza Mkubwa wakati wa chakula, "Shuleni wanakuonaje?"

"Kwa macho," akasema.

Mdogo akacheka hadi akapaliwa. Mama yao akasema, "Muache mtoto ale." Nikamuacha.

Aprili 10

Nimechoka leo na nimefanya mzaha. Jemadari aliuliza wafuasi wake: mwanaume akiumia afanye nini? Majibu yalikuwa mengi, kila mmoja mgumu kuliko mwenzake. Mmoja anajishona mwenyewe. Mwingine hajawahi kuumwa tangu azaliwe. Nikasema ngoja niwaonyeshe walivyo wajinga. Chuma akaandika: "Mwanaume wa kweli akiumia huyafungia maumivu stoo, akafunga mlango, akaumeza ufunguo."

Nilidhani watacheka. Wamepiga makofi. Wengine wameiweka kwenye picha zao, na simba pembeni.

Aprili 11

Jemadari ametoa somo zima juu ya ule ufunguo. "Kama alivyosema kaka yetu Chuma." Pini ameukariri. Akijidunga na pini anasema, "Stoo," badala ya kupiga kelele. Nimemsikia Mdogo naye akisema "stoo" alipojigonga kiwiko mlangoni. Ilichekesha.

Aprili 14

Tumebomoa kiti cha Afande. Kizee kweli: springi zimechoka, misumari kutu tupu. Mdogo ametusaidia kuokota, pekupeku kama kawaida yake. Nikamwambia vaa viatu. Akavaa, baadaye.

Jumanne. Sufuria: mimi.

Aprili 15

Mdogo anashinda na mabuti ya mvua hata ndani. Amejifunza wapi hiyo mitindo?

Aprili 16

Mvua. Mabuti bado. Mama yake anasema ni umri. Jemadari alizungumzia wanaume wanaolalamika foleni.

Aprili 17

Mdogo hakula. Anasema ameshiba, kwa sauti ya kaka yake. Nilimwambia avue mabuti alale vizuri, akasema kesho.

Aprili 18

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, nyuma ya fomu ya mtu mwingine aliyeiacha hapa. Nitainakili nyumbani.

Asubuhi Mdogo hakuamka kwa ajili ya chai. Mama yao alikuwa ameshatoka kwenda zamu. Nikaingia chumbani nikamkuta anatetemeka chini ya blanketi, uso unawaka, na mabuti miguuni. Nikavuta la kushoto likatoka. Nikavuta la kulia akang'ata mto. Hakulia. Aliung'ata mto na kunitazama kama ananionea huruma.

"Nini mguuni?"

"Stoo, Baba."

Sikumwelewa. Yaani nilimwelewa lakini akili ilikataa kuupokea mzigo. Buti lilikuwa limebana kwa uvimbe, haliendi mbele wala nyuma. Nikaenda kuchukua mkasi mkubwa wa ngozi. Maisha yangu yote nakata ngozi za makochi, sijawahi kukata kitu polepole vile. Mpira ulipopasuka harufu ikatoka kwanza. Soksi ilikuwa imegandana na unyayo. Chini ya kidole kikubwa palikuwa na tundu dogo la msumari, dogo kabisa, na kuanzia hapo mguu wote mwekundu, na mstari umepanda mpaka karibu na goti.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Siku ya kiti cha Afande."

"Mbona hukusema?"

Akafumba macho. "Mwanaume akiumia anafungia stoo. Anameza ufunguo." Akafikiri kidogo. "Sikumeza ufunguo wa kweli, Baba. Usiogope."

Niliposimama, Mkubwa alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Rangi ilikuwa imemtoka. Aliinama, akampa mdogo wake mgongo. "Panda," akasema, kwa ile sauti yake nyembamba.

Gari hakuna linaloweza kufika kwetu kwa mvua hii. Tumekwenda kwa miguu mpaka barabara kubwa, maji yanatufika magotini, Mkubwa amembeba, mimi nyuma nimewafunika na turubai la kufunikia makochi. Mdogo anaweweseka, anataja timu za mpira. Mkubwa alikuwa analia. Nilimwona mabega. Mvua ilimsaidia na mimi nikajifanya mvua imenisaidia.

Tulipofika, daktari, msichana mdogo mwenye macho ya usingizi, alimtazama Mdogo, akatazama mguu, kisha akanitazama mimi kifuani kwa muda mrefu. Nilikuwa nimevaa aproni.

"Mngechelewa zaidi ya hapa," akasema, "tungekuwa tunaongea habari za kukata." Wamemwingiza ndani kuusafisha.

Tukabaki kwenye benchi, mimi na Mkubwa, tunachuruzika maji.

"Ni mimi, Baba," akasema. "Jemadari. Ni mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu aproni."

Akaficha uso mikononi. Nikamwacha, kisha akasema kupitia vidole: "Ile ya ufunguo haikuwa yangu. Wallahi, Baba, haikuwa yangu. Kuna mtu anaitwa Chuma."

Ningeweza kunyamaza. Nataka iandikwe kwamba niliifikiria hiyo njia, na ilionekana nzuri, kavu, ina mwanga.

"Chuma ni mimi," nikasema.

Hakunielewa. Nikamwonyesha simu. Nyundo, jina, maneno yote. Alisoma juu mpaka chini, na alipofika pale kwenye Filimbi akasimama hapo.

"Nilimwambia yeye," akasema. "Sikukwambia wewe."

"Najua."

"Halafu ukaniambia nijikaze."

Nikaipokea simu, nikaizima.

Mama yao akaja mbio kutoka stoo ya dawa, na koti lake la kazi. Tulimweleza, tukipokezana, kila mmoja akichukua lawama na kumrudishia mwenzake. Alisikiliza yote. Akavua kiatu kimoja akasugua mguu wake uliovimba.

"Nyumba ina wanaume watatu," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema mguu unauma." Akavaa kiatu. "Mimi unaniuma. Mmeona? Sikufa."

Akaingia ndani kwa mtoto.

Aprili 21

Homa imeshuka. Mguu upo. Mdogo ameomba tumletee buti la pili, lililosalia. Nimekataa.

Aprili 24

Mkubwa haongei na mimi. Hana ukali, anapisha mlangoni, anasema "shikamoo" kila asubuhi kama mpangaji. Ufunguo wa stoo ameuacha juu ya cherehani. Nimeurudisha mezani kwake. Ameurudisha kwenye cherehani. Kwa sasa hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Pini analalamika kwamba Jemadari kanyamaza. "Labda wamemteka, bosi. Wanaume wakweli wanapigwa vita."

"Labda ana mtihani," nikasema.

Aprili 30

Afande kaja kuchukua kiti. Alikaa, akaegemea, akapima mikono. Miguu yake haikugusa sakafu. Nimemtengenezea kirefu kama alivyotaka na yeye ni mfupi. Alikaa hivyohivyo miguu inaning'inia, Pini akaweka pini mdomoni. Amekilipia kikiwa hivyohivyo na akaondoka nacho.

Mei 4

Mdogo amerudi nyumbani. Anatembea na kandambili moja. Amebandikwa majina na watoto wa jirani na ameniambia majina yote, na lipi limemuuma zaidi. Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa na gundi mikononi, nikamkumbatia hivyohivyo. Shati limeharibika.

Mei 6

Mvua imerudi kwa nguvu. Nilikuwa nashona mto, nikaona cherehani haina ufunguo juu yake. Mlango wa stoo umefungwa. Baada ya muda simu ikaita kidogo. Jemadari anamwandikia Chuma.

"Upo?"

Nilitazama ukuta. Hatua chache tu, ningeweza kugonga. Niliogopa kugonga.

"Nipo," akajibu Chuma.

"Baba yangu alinidanganya."

"Nimesikia. Ni mtu wa ovyo kidogo."

Bati linapigwa.

"Nilichukia sana."

"Una haki."

"Sijamaliza kuchukia."

"Hakuna haraka."

Kisha: "Chuma, nikiongea kwa sauti yangu watanicheka?"

Niliandika hapana. Nikafuta. Nikaandika: "Watakucheka. Mimi nitasikiliza mpaka mwisho."

Tulikaa hivyo mpaka mvua ilipopungua, yeye kule na mimi huku, kisha akatoka akapita karakanani, akasema "shikamoo" ingawa tulishaamkiana asubuhi.

Mei 9

Ametoa somo. Hakuinenepesha sauti. Alisema ana mdogo wake, alitobolewa na msumari na hakusema, kwa sababu ya maneno ya Jemadari na ya rafiki yake mmoja, na kwamba ule ufunguo ulikuwa upuuzi. Alisema akiumia yeye hulia, na kwamba alilia barabarani na mvua ikamficha. Sauti ilipanda ikavunjika mara mbili. Hakuikata, akaiacha.

Wafuasi wamekasirika. Wanasema ukurasa umeibwa na mtoto. Wanasema turudishieni Jemadari. Wengine wameweka picha ya filimbi; sijui nani amewaambia, au labda kila mtu huwa anajua filimbi ilipo.

Pini alisikiliza nusu akazima. "Kaharibikiwa huyu, bosi. Sauti kama kifaranga." Amepata mwingine, ana picha ya tai.

Niliendelea kupiga pini. Nilitaka kumwambia yule ni mwanangu. Niliufungua mdomo kabisa. Afande alikuwa ameingia wakati huohuo kuuliza kama miguu ya kiti inaweza kupunguzwa, "kidogo tu, fundi, na iwe siri", nikaufunga.

Chuma aliandika: "Nimesikiliza mpaka mwisho." Ndiyo maoni pekee mazuri pale, ukiacha moja la mtu mwenye picha ya dawa za kikohozi, ambaye nadhani ni mama yao.

Mei 12

Mvua imekata. Milango yote iko wazi, sponji zinaanikwa nje, nyumba inanuka jua. Mkubwa amekula nasi mezani. Ameongea: amesema mwalimu wa hesabu alipuliza tena na yeye akamwambia, mbele ya darasa, aache. Mwalimu ameacha, au amesema ataacha. Mdogo akampigia saluti. Mama yao akasema, "Kula kwanza." Mimi nikamwongezea mboga.

Akanyanyuka, akanitazama, akaitazama ratiba juu ya sinki kwa muda mrefu. Akasema, "Sawa, Baba."

Leo ni Jumanne, zamu yake. Sufuria haijaoshwa.